Irjansi za Goma: mwongozo kamili wa kumpeleka mgonjwa, kungoja naye na kutoka naye

Ugomvi mwingi kwenye mlango wa irjansi (pahali hospitali inapokea wagonjwa wa haraka) hapa Goma unatoka mahali pamoja: watu wanafikiri foleni inaenda kama ya bidoni kwenye bomba la maji, aliyetangulia ndiye anajaza kwanza. Mama amefika na mtoto saa mbili usiku ameketi kwenye benchi, saa tatu motari (dereva wa pikipiki) mmoja analetwa akitoka damu anaingizwa mara moja, nusu saa baadaye mzee mwingine naye anapitishwa, na yule mama anaanza kulia kwamba hapa wanapokea wenye kujulikana tu. Nimefanya gardi (zamu) za usiku kama enfirmye (muuguzi) kwa muda mrefu na hiyo hasira ninaielewa kabisa, juu hakuna mtu aliyekaa na huyo mama akamuelezea. Na kuna siku hasira yake iko na haki, juu mtoto alikuwa amezidi pale pale kwenye benchi na hakuna aliyerudi kumuangalia.

Irjansi inapanga watu kwa ukali wa hali. Kwa hiyo wewe unayemleta mgonjwa uko na kazi mbili: kufanya ukali wa hali yake uonekane tangu mlangoni, na kuendelea kumchunga ili hali ikibadilika nafasi yake nayo ibadilike. Yote nitakayoandika hapa chini ni ya kusaidia hizo mbili.

Hatua ya 1: Elewa foleni inapangwa namna gani

Kuna meza ya kwanza, triaji, ambapo enfirmye anaangalia mgonjwa na kusema huyu wa sasa hivi, huyu angoje. Njia moja inayotumiwa sana Afrika ilianza kutengenezwa Cape Town mwaka 2004, na MSF (Madaktari Wasio na Mipaka) wanaitumia kwenye hospitali nyingi wanazosaidia. Iko na rangi: nyekundu anaingia papo hapo, rangi ya machungwa asipitishe dakika 10, njano ndani ya saa moja, kijani ndani ya saa nne. Kuna ingine ya rangi tatu tu, nyekundu, njano na kijani, iliyotengenezwa na OMS (Shirika la Afya Duniani), MSF na Msalaba Mwekundu (CICR). Kuna hospitali hazina karatasi ya rangi kabisa, enfirmye anatumia macho na uzoefu wake, lakini wazo ni lile lile.

Anachoangalia ni hiki: mgonjwa anatembea mwenyewe ao amebebwa, anapumua mara ngapi kwa dakika, moyo unapiga namna gani, tansio (presha), joto, yuko macho na anajibu ao hapana, na kama kuna pahali ameumia. Sauti ya gardi-maladi (mtu anayemchunga mgonjwa) haimo. Kupiga kelele hakumpandishi mgonjwa rangi, kunamchelewesha tu enfirmye aliyekuwa anahesabu pumzi za mtu mwingine.

Kwa hiyo ukiambiwa umeandikwa kijani, hawajakudharau, wamekuambia kwamba hali yako kwa sasa inaweza kungoja. Na kungoja irjansi si shida ya Kongo peke yake. Uingereza waliweka lengo mwaka 2004 kwamba mgonjwa aonwe na kulazwa ao kuruhusiwa ndani ya saa nne, na tangu 2015 nchi yao nzima haijafikia tena ile asilimia 95 waliyojiwekea, wakati wao wako na umeme saa zote na ambulansi za serikali.

Kuna sababu moja ya kungoja ambayo watu hawaioni kabisa. Foleni ya mlangoni mara nyingi imefungwa na vitanda vya ndani. Mgonjwa ameshaonwa, anapashwa kulazwa, lakini juu kwenye sali (wodi) hakuna kitanda, basi anabaki amelala irjansi, na kitanda chake cha irjansi hakiwezi kupewa yule wa kwenye benchi. Na kwetu kitanda cha juu saa zingine kinalaliwa na mtu aliyepona kabisa, anabakishwa hospitalini juu hajamaliza faktire (bili). Njo unakuta dokta yuko, dawa ziko, na foleni haisogei. Enfirmye wa triaji hana kitanda cha kukupa, ata umtukane namna gani.

Hatua ya 2: Amua ukiwa bado nyumbani

Kosa kubwa liko pande zote mbili: wenye mafua wanajaza irjansi, na wenye hatari wanangoja nyumbani mpaka asubuhi juu wanaogopa usiku, barabara na pesa.

Mtoto anapashwa kwenda irjansi usiku huo huo kama: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu unachompa, amekamatwa na degedege, amelegea haamki vizuri, anapumua mbio ao kwa shida, viganja vyake vimekuwa vyeupe bila damu. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa ni irjansi, nukta. Hapana kumpa kwanza sirop ya dada yake mkubwa na kungoja kuona.

Kuhesabu pumzi kila mzazi anaweza, na ningependa kila nyumba ya Goma ijue. Ngoja mtoto atulie, usimhesabu akilia. Pandisha nguo mpaka tumbo lionekane, weka simu kwenye kronometa, dakika moja nzima, si nusu dakika alafu uzidishe mara mbili, juu watoto wanapumua kwa vipindi na utadanganyika. Kila tumbo likipanda, moja. Chini ya miezi 2, akifika 60 ao zaidi ni mbio kupita kiasi. Miezi 2 mpaka 11, ni 50. Mwaka 1 mpaka 5, ni 40. Alafu angalia pale mbavu zinaishia: kama akivuta pumzi ile sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani, hapo usingoje asubuhi. Andika namba na saa kwenye simu, utaihitaji mlangoni.

Mtu mzima: anapumua kwa shida, kifua kinambana, mdomo umepinda upande mmoja ao mkono umekufa ghafla, ameanza kusema maneno yasiyoeleweka, amezimia, anatapika damu, kichwa kinauma ghafla kuliko siku zote, ameungua sehemu kubwa, ameanguka na pikipiki akapoteza fahamu ata kama sasa anasema yuko sawa. Kwa mdomo kupinda na mkono kufa, andika saa ya mwisho mlipomuona akiwa mzima, dokta atauliza hiyo kwanza.

Mama mwenye mimba: damu yoyote nyingi, degedege, ao kichwa kikali pamoja na macho kuona ukungu baada ya mwezi wa tano. Huyo apelekwe moja kwa moja upande wa materniti, hospitali nyingi hawapiti foleni ya kawaida. Na aliyezaa, kama kitambaa kinalowa damu kabisa chini ya dakika 5, kimbia.

Kuna kitu cha hapa kwetu kinachosahaulika. Usiku wa Goma ni baridi, watu wanaingiza babula (jiko) ya makala (makaa) ndani na kufunga dirisha. Ukikuta watu wawili watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa, wanatapika na wamelegea kwa wakati mmoja, ni hewa ya makala. Fungua milango, watoe nje wote, na ukifika irjansi sema wazi "walilala na babula", juu bila hilo neno watatibiwa malaria. Mtoto akikunywa petroli naye, usimtapishe wala usimpe maziwa ya kumtapisha, ikirudi inaingia kwenye mapafu. Mlete tu, na chupa yenyewe.

Homa ya mtu anayetembea na kula, kikohozi cha wiki, kubadilisha bandeji, jino, mgongo wa miaka: anza kituo cha afya cha kartye yenu. Wako na kipimo cha haraka cha malaria, watakupima na kukupa dawa, na utakuwa umerudi nyumbani wakati wa irjansi bado wanakutafutia fishe (karatasi ya mgonjwa). Na kama hali ni nzito kuwapita, watakuandikia karatasi ya transferi kwenda hospitali kubwa. Hiyo karatasi iko na nguvu kuliko watu wanavyofikiri, juu imeandikwa tayari alipimwa nini, alipewa dawa gani na saa ngapi, na enfirmye wa triaji akiisoma haanzi sifuri kama kwa wale waliokuja mikono mitupu. Usiikunje mfukoni ukaisahau, niliona hiyo mara nyingi.

Hatua ya 3: Njia

Ambulansi usiitegemee. Tafuteni mapema, kabla ya ugonjwa wowote, namba ya dereva mmoja wa teksi na motari mmoja wa jirani wanaokubali kutoka usiku, muandike namba kwenye mlango wa ndani, kila mtu wa nyumba aijue.

Moto (pikipiki) inabeba mgonjwa anayeweza kukaa mwenyewe. Yule wa kuzimia kuwekwa katikati ya watu wawili kwenye moto, kichwa kinaning'inia, ulimi unafunga njia ya hewa, na mawe ya lava ya barabara zetu yanamtikisa mpaka hospitali. Tafuta gari, alazwe kwa ubavu. Aliyeanguka vibaya na anaumwa shingo ao mgongo asikunjwe: watu wanne, ubao ao mlango, kichwa kishikwe kisizunguke. Damu inatoka, kandamiza na kitambaa safi bila kuachia mpaka mfike, kila mara ukifungua kuangalia unaanza upya. Aliyeungua, maji ya kawaida yanayotiririka dakika 20 kabla ya kutoka nyumbani, ata kama unaona ni kupoteza wakati. Kolgeti, mafuta na mayai hapana.

Mtu mmoja apige simu kwa yeyote wa hospitali mnayemjua, kuuliza tu kama oksijeni iko na kama wanapokea. Kufika kwenye hospitali iliyojaa alafu kuanza kutafuta ingine ni saa nzima imepotea.

Mfuko: fishe za zamani, dawa zote anazokunywa na maboksi yake (usiseme "kidonge cheupe", viko mamia), kadi ya chanjo ya mtoto, simu yenye chaji na sharja, kitenge kimoja ao viwili, maji, sabuni, beseni ndogo, na pesa ya vipande vidogo. Tangu benki zifungwe Januari 2025 pesa ya mkononi imekuwa shida kwa kila mtu, basi weka pia kitu kwenye simu na ujue namba yako ya siri, kuna watu wanafika na simu ya marehemu baba yao ambayo hakuna anayejua kuifungua.

Na muende wawili. Mmoja asitoke kwenye kitanda, mwingine ni wa kukimbia kese (pa kulipia), labo (maabara) na farmasi. Watu kumi hawasaidii, wanafunga mlango.

Hatua ya 4: Maneno ya kwanza mlangoni

Hapa njo pahali unaweza kupata ao kupoteza nusu saa. Watu wanaanza na historia: "Dokta, alianza Jumapili tukiwa kwa bibi yake Sake, alikula maharagi, kiisha baba yake akasema tungoje…" Enfirmye yuko na watu sita mbele yake, anasikia maharagi, anaandika tumbo.

Salimia, alafu sema kwa mpangilio huu: umri, kitu kibaya zaidi, kilianza saa ngapi, nini kimebadilika sasa. Kama hivi:

"Bonsoir dada. Mtoto wa miaka miwili, amekamatwa na degedege mara mbili tangu saa kumi na mbili, sasa hanyonyi na haamki vizuri."

"Jambo dokta. Papa wa miaka sitini, kifua kinambana tangu saa moja, anatoka jasho, ana tansio na hajakunywa dawa wiki hii."

Sekunde 15. Historia utaitoa ukiulizwa. Usiongeze chumvi pia, kama anatembea usiseme amekufa miguu, juu enfirmye akiona mara moja kwamba umedanganya atapunguza na yale ya kweli.

Usifiche dawa za miti mlizompa, wala sindano ya jirani, wala pombe. Hakuna atakayekuhukumu, na kama yupo wa kukuhukumu vumilia hukumu, juu dozi inabadilika. Msichana aliyekunywa kitu cha kutoa mimba, omba kusema na enfirmye pembeni, "dada, naomba dakika moja pembeni", bila wazazi na bila watu wa benchi. Anaweza kufa kwa damu wakati kila mtu anatafuta malaria.

Hatua ya 5: Kabla hajakuacha, uliza

Akimaliza kupima, uliza kwa upole: "Dada, umemuandika rangi gani? Tungoje karibu muda gani? Na akibadilika nimuite nani?" Andika majibu na saa kwenye simu. Si kumtisha, ni kwa sababu gardi inabadilika asubuhi na jioni, na kwenye kubadilishana kuna mgonjwa huwa anasahaulika. Timu mpya ikifika, jisogeze, salimia, sema upya yale maneno ya sekunde 15, na uonyeshe saa mliyofika. Hii moja tu imeokoa watu.

Kama hakupimwa kitu chochote, ameangaliwa tu kwa macho na kuambiwa "ngojea pale", omba apimwe joto, tansio na pumzi. Ni haki ya mgonjwa na ni dakika tatu.

Hatua ya 6: Kungoja kwenyewe

Rangi ya saa mbili usiku si rangi ya saa nne. Kijani anaweza kugeuka nyekundu akiwa benchini, na mtu wa kwanza wa kuliona ni wewe uliyekaa naye, si enfirmye aliye ndani anashona kichwa cha mtu.

Kila robo saa fanya hivi, ata kama amelala, hasa kama amelala. Mwite jina. Anafungua macho na kujibu vizuri, ao anajibu tu ukimfinya? Hesabu pumzi. Gusa mikono na miguu, ni baridi wakati mwili una moto? Bonyeza ukucha ao kidole gumba cha mtoto sekunde 3 na uachie: rangi inapashwa kurudi haraka, ikipita sekunde 3 damu haizunguki vizuri. Ameenda haja ndogo? Damu kwenye bandeji imeongezeka? Midomo imebadilika rangi? Andika.

Watu wengi wanaogopa kumuamsha, wanasema muache apumzike. Kwa aliyegonga kichwa na kwa mtoto mwenye homa kali, usingizi mzito njo dalili yenyewe tunayoitafuta.

Ukiona kimebadilika, simama uende na useme neno hili: "Amebadilika." Alafu namba. "Amebadilika, alikuwa anajibu, sasa hajibu." "Amebadilika, pumzi zilikuwa 38, sasa 56." Enfirmye aliyechoka anaweza kupita mbele ya "anaumwa sana", amelisikia mara mia tangu asubuhi. Mbele ya namba mbili na saa mbili hawezi kupita. Omba apimwe upya. Akikataa, uliza nani ni dokta wa gardi na uende kwake, kwa heshima ile ile. Sheria ya Kongo inaadhibu kumuacha mtu kwenye hatari bila kumsaidia, lakini mimi ningekuambia uweke sheria nyuma na namba mbele, mtu akitishwa anajilinda, na wewe unataka amuangalie mgonjwa.

Oksijeni ya damu kwenye kale kamashine ka kubana kidole ikiwa chini ya asilimia 90, usikae benchini ata dakika. Degedege ikianza hapo hapo, mlaze kwa ubavu chini, usimuwekee kijiko mdomoni, mwite mtu.

Kula na kunywa: anayeweza kwenda kwenye operesheni (tumbo gumu, mfupa umevunjika, mama wa kupasuliwa) asile wala asinywe mpaka dokta aseme. Chakula cha huruma kwenye benchi kinaweza kuahirisha operesheni kwa saa nyingi. Lakini mtoto wa kuhara ni kinyume, mpe maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo kwa kijiko tangu nyumbani: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Anayenyonya aendelee kunyonya. Paracetamol uliyompa mwenyewe ni sawa, ila sema saa na kiasi, asirudishiwe ingine juu yake.

Usiondoke kimya kimya. Najua saa tano zimepita, watoto wengine wamebaki peke yao Ndosho na barabara inatisha. Kama lazima muondoke, mwambie enfirmye, amuangalie mara ya mwisho, na mkubaliane dalili gani zinawarudisha.

Hatua ya 7: Kese, labo, farmasi

Kuonwa na dokta si mwisho wa kungoja, kunafungua foleni zingine nne. Karatasi ya labo inaenda kese, kese inatoa risiti, risiti inaenda labo, labo inatoa jibu, jibu linarudi kwa dokta, dokta anaandika ordonansi (karatasi ya dawa), ordonansi inarudi kese, kiisha farmasi. Ukiangalia saa za kwenye fishe utakuta dokta alichukua dakika kumi na karatasi ilichukua saa tatu. Hapa mtu wako wa pili njo anafanya kazi.

Mambo machache yanayofupisha: uliza mara moja vipimo vyote vitakuwa vingapi, ulipe safari moja. Uliza labo "jibu linatoka saa ngapi, na nani analipeleka?", juu majibu mengi yanakaa tayari kwenye meza na kila mmoja anafikiri mwingine atayapeleka. Likitoka, omba ruhusa ulipeleke mwenyewe. Radio (eksirei) na eko (ultrasaundi), uliza kwanza kama mashine inafanya kazi usiku huo kabla ya kulipa. Damu ya kuongezewa, ukisikia tu neno hilo ita ndugu waje kutoa, wasingoje kuambiwa mara ya pili. Risiti zote ziwe kwenye mfuko mmoja, kwa mtu mmoja.

Kama pesa haitoshi, sema mapema kabla ya dawa kuandikwa, si kwenye dirisha la farmasi. "Dokta, tuko na hii tu, kitu gani kinaanza kwanza?" Dokta mzuri atapanga seromu (maji ya mshipa) na dawa ya kuokoa maisha mbele, na vipimo vya kungoja asubuhi nyuma. Ukinyamaza ataandika vyote, utanunua nusu bila kujua nusu gani ndiyo ya muhimu.

Wasiopashwa kungoja kwenye foleni hii

Kuhara maji meupe kama ya mchele, mfululizo, ni kipindupindu mpaka ithibitishwe vingine: kuna vituo vyake (CTC), matibabu ni ya bure, uliza mlangoni tu kiko wapi, usimkalishe kwenye benchi la wote. Homa na vipele vyenye maji, sema tangu getini, mpox iko, watamtenga na kumuona pembeni.

Aliyebakwa, mwanamke, mtoto ao mwanaume, asisimame kwenye meza ya triaji kueleza mbele za watu. Sema tu "tunahitaji enfirmye kwa siri". Dawa ya kuzuia ukimwi inafanya kazi ikianza ndani ya saa 72, na kila saa ya mapema ni bora, ya kuzuia mimba mpaka siku 5. Hapa Goma hospitali ya HEAL Africa wanapokea, na Bukavu kuna hospitali ya Panzi ya Dokta Mukwege. Asioge kwanza kama anaweza, lakini kama ameshaoga aje vilevile. Karatasi ya polisi si sharti la kupewa dawa.

Wa risasi na bomu, hospitali ya CBCA Ndosho iko na timu ya upasuaji inayosaidiwa na CICR. Mwisho wa Januari 2025 ilipokea majeruhi wengi kuliko vitanda vyake, na usiku wa namna ile triaji yote inabadilika: anayeweza kutembea anasogezwa pembeni, ata kama mfupa umevunjika, ili mikono michache iliyopo ifikie wale wanaoweza kuokolewa sasa. Ukifika hospitali siku kama hiyo na mgonjwa wa njano ao kijani, mpeleke kituo cha afya ao hospitali ingine ya mbali na vita. Atapata huduma mapema zaidi huko.

Hatua ya 8: Kulazwa na kutoka

Wakisema alazwe na kitanda hakuna, uliza: nani anamuangalia akiwa bado irjansi, timu ya irjansi ao ya juu? Hapo katikati njo pahali dawa ya saa sita usiku inarukwa, kila upande unafikiri ni wa mwingine. Andika saa ya kila dawa kwenye simu na ukumbushe dakika kumi kabla.

Wakisema arudi nyumbani, usitoke bila karatasi yenye jina la ugonjwa, dawa na saa zake, siku ya kurudi, na dalili za kumrudisha mbio. Rudia kwa mdomo mbele ya enfirmye: "Kwa hiyo hii asubuhi na jioni baada ya kula, siku tano, na akianza kutapika kila kitu tunarudi usiku huo huo." Akikurekebisha, andika ulivyorekebishwa.

Juu ya faktire: usingoje siku ya kutoka. Tangu siku ya pili uliza imefika wapi, na kama unaona hamtaiweza nenda ofisi ya huduma ya jamii ya hospitali ukiwa na mtu mzima wa familia, pendekeza kiasi cha kulipa sasa na tarehe za mengine, kwa maandishi. Kanisa lenu, watu wa avenyu na likelemba (kikundi cha kuchangiana pesa) ya mama waambiwe siku hiyo hiyo ya pili, si siku mgonjwa amepona na amezuiliwa. Akilipiwa mapema kitanda kinafunguka siku ile ile dokta amesaini, na kuna mtu kule chini kwenye benchi anakingojea.